Mliniuzia klachi ya gari lingine ndani ya kasha la gari langu

Buruburu, Nairobi
9 Juni 2025

Kwa Meneja,
Duka la Vipuri vya Magari,
Barabara ya Kirinyaga,
Nairobi.

Bwana Meneja,

KUH: KLACHI YA TOYOTA COROLLA 110 NILIYONUNUA KWENU TAREHE 17 MEI 2025

Nilifika dukani kwenu Jumanne tarehe 3 Juni nikiwa na kikapu cha vyuma vilivyoungua. Nikaambiwa haupo. Kijana wa kaunta alichungulia kikapuni, akasema, "Mama, hiyo umeshafunga," yaani nimeshaiweka garini, kisha akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yangu akitafuta fani belti. Nilisubiri nusu saa nzima. Hakunigeukia tena. Ndiyo maana nimeamua kuandika, na nitarudi kwenye hilo neno lake "umeshafunga" baadaye, kwa kuwa ndilo tunalogombania.

Gari langu ni Corolla 110 ya mwaka wa 1997, injini ya 5A, gia za mkono. Ni kuukuu, najua, na majirani wameshanitania vya kutosha. Lakini ndilo linalobeba sufuria zangu. Mimi hupika chakula cha sherehe na cha matanga, na gari hili limenipeleka Kitengela, Limuru na Thika bila kunigombeza. Klachi yake, kile kinachounganisha injini na giaboksi, ilianza kuchoka mwezi wa Aprili. Unaachilia pedali, unaachilia, mpaka karibu iishe ndipo gari linasogea. Fundi wangu wa Kariobangi Light Industries alivuta hendibreki, akatia gia ya nne, akaachilia klachi taratibu. Injini ingepaswa kuzimika hapo hapo. Yangu ilinguruma kwanza, ikafikiria, ndipo ikazima. "Mama, hii imeisha," akasema. "Leta seti nzima: pleti, presha na beringi." Pleti ndiyo sahani inayoshika, presha ndiyo inayoibana kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la injini, na beringi ndiyo inayosukuma presha ukikanyaga pedali.

Seti nzima kwa sababu ya kazi yenyewe. Kwa gari kama hili ni lazima umwage oili ya giaboksi, utoe shafti za magurudumu, ufungue stata, ushike injini kwa jeki, halafu ndipo giaboksi ishuke. Ni kazi ya kutwa. Huwezi kufanya hayo yote ubadilishe pleti peke yake, kisha beringi ianze kulia baada ya miezi miwili ushushe kila kitu tena.

Kununua kwenyewe sikukurupuka. Karibu na kwenu nilitajiwa ex-Japan, yaani iliyokwisha kutumika Japani, kwa shilingi 5,000, imefungwa waya, bado ina vumbi la nchi nyingine. Nikakataa. Vipuri vya ex-Japan nimevitumia sana, taa, vioo, hata stata, na sina ubaya navyo. Lakini pleti ya klachi ni kitu kinachoisha kwa kutumiwa. Kununua iliyotumika ni kama kununua kipande cha sabuni ambacho mwenzako ameshaogea: hujui amekuachia siku ngapi. Kwa wakala wa Toyota bei ilinishinda. Kwenu nikapata mpya, 11,500, na kijana akaniambia ni ya gari langu kabisa.

Nataka uelewe alichoniuliza, kwa maana hapo ndipo kosa lilipo. Aliniomba logbuku. Nikamsomea: chasisi AE110, injini 5A. Akaandika kwa kalamu juu ya kipande cha boksi, akapanda ngazi, akashuka na kasha lenye stika iliyochapwa AE110. Nikalipa kwa M-Pesa. Risiti niliyopewa ni ya kuandikwa kwa mkono, inasema "Clutch kit Corolla 110", na chini yake kuna mhuri wenu mwekundu kuwa bidhaa zikishauzwa hazirudishwi.

Kasha sikulifungua. Hilo nalibeba mwenyewe. Fundi wangu kila siku huniambia nikinunua kipuri nibebe kile cha zamani, nikilaze juu ya kipya, nitazame. Kwa breki pedi hufanya hivyo. Lakini klachi ya zamani ilikuwa ndani ya gari, na gari ndilo lililonileta Kirinyaga Road. Ningeibebaje?

Jumatatu tarehe 19 fundi akaifunga. Alihesabu meno ya katikati ya pleti yenu, 21, akahesabu ya zamani, 21. Akaijaribu kwenye shafti ya giaboksi, ikateleza vizuri. Presha nayo ikakaa kwenye matundu yake ya bolti. Akaikaza kwa mzunguko, bolti moja huku na nyingine mkabala wake, kama anavyofanya siku zote. Upana wa pleti hakuupima. Aliamini stika, nami nikaamini stika. Tumeshagombana naye juu ya hilo, akakubali, na kazi ya pili amenipunguzia bei. Ninyi bado.

Siku za kwanza gari lilikuwa zuri, naliendesha pole kama fundi alivyoniagiza ili pleti ijizoeshe na flaiwili. Alhamisi tarehe 29, kwenye Jogoo Road, niliongeza mafuta kumpita mkokoteni. Injini ikapiga kelele, gari likabaki na mwendo ule ule. Nikajidanganya kuwa ni mimi.

Ijumaa ilikuwa zamu ya Kilimani. Nyuma nilikuwa na sufuria tatu, pilau, mbuzi wa kuchemsha na kachumbari kwenye ndoo, watu sitini wakisubiri saa moja jioni. Pale Valley Road inapopanda kuelekea Ngong Road, magari yalikuwa yamebanana, unasogea hatua mbili unasimama. Kila nikiachilia klachi, sindano ya mizunguko ya injini inapanda mpaka elfu nne, gari linasogea kama mgonjwa anayeshuka kitandani. Kisha harufu. Kama hujawahi kunusa klachi inayoungua, ni kama mpira na nywele vimetupwa pamoja jikoni. Ilifunika hata pilau. Makanga wa matatu iliyokuwa kando yangu akatoa kichwa dirishani: "Mathe, gari yako inaungua!" Mara moshi mwembamba ukapenya chini ya boneti, na gari likaanza kurudi nyuma. Nikavuta hendibreki. Nikakaa hapo na taa za dharura huku mji mzima ukinipigia honi.

Chakula kilimalizia safari kwa teksi, shilingi 1,800. Gari lilimalizia safari kwa kukokotwa mpaka Kariobangi, shilingi 4,000. Nilichelewa dakika hamsini, na aliyenipa ile kazi hajanipigia simu tangu siku hiyo. Hiyo siiweki kwenye hesabu kwa sababu sina risiti yake.

Jumamosi tukashusha giaboksi tena, mimi nikiwa nimeketi kwenye tairi natazama kila bolti. Fundi alipotoa presha hakusema kitu. Aliinua uso wa chuma wa hiyo presha kuelekea mwangani akanionyesha. Katikati chuma kilikuwa kimegeuka rangi ya buluu na zambarau kwa joto. Kisha, pembezoni, kuzunguka pande zote, kulikuwa na ukanda safi unaong'aa, haujaguswa na chochote tangu utoke kiwandani. Flaiwili nayo ilikuwa hivyo hivyo. Nikamtuma mtoto wa jirani alete rula yake ya shule. Pleti ya zamani, ile iliyoisha, milimita 212 kutoka ukingo hadi ukingo. Pleti yenu, milimita 200. Ule ukanda safi tuliupima sehemu nne: milimita 6 kila mahali.

Presha basi ilikuwa ya gari langu na pleti ilikuwa ya gari dogo zaidi, lenye meno yale yale 21. Milimita 6 zinaonekana kidogo, lakini ni kwenye ukingo, ambako duara ni kubwa na mshiko ni mwingi, ndipo zilipokosekana. Pleti hiyo ikapewa kazi ya injini yangu ya cc 1500 na sufuria tatu juu ya mlima, ikateleza, ilipoteleza ikapata moto, ilipopata moto ikateleza zaidi.

Kijana wenu alipata nafasi ya kusema neno moja zaidi kabla ya kunigeuzia mgongo, kwamba mafundi wa jua kali ndio huharibu klachi. Wengine huharibu, kweli. Wapo wanaopaka grisi nyingi kwenye meno ikarukia pleti, wapo wanaoigeuza pleti mbele nyuma, wapo wanaoacha sili ya krenki, shafti kuu ya injini, inayovuja oili. Basi itazame pleti hii. Imekauka, haina tone la oili wala grisi. Sili ya nyuma ya krenki tulibadilisha siku ile ile ya kwanza. Upande uliopaswa kutazama giaboksi ulitazama giaboksi. Na hata fundi awe mbaya namna gani, hawezi kuipunguza pleti milimita 12 kwa spana.

Sasa hilo neno "umeshafunga". Kosa la klachi hii lisingeonekana kabla giaboksi haijashushwa. Nilinunua kasha lililobandikwa jina la gari langu, na kilichokuwa ndani kilihitaji giaboksi ishushwe ndipo kilinganishwe. Ukisema nikishafunga haki yangu imekwisha, unasema sikuwahi kuwa nayo. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na maelezo yako kwenye stika yenu na kwenye risiti yenu kwa mwandiko wa kijana wenu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa dosari za bidhaa hizo. Mhuri mwekundu wa risiti hauifuti Katiba.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie 11,500 za klachi, nami niwarudishie klachi yenu yote. Mnilipe 3,000 za ufundi wa mara ya pili, baada ya kupunguziwa. Oili mpya ya giaboksi ilinigharimu 2,400, kwani ile ya kwanza, iliyokuwa na umri wa siku kumi na mbili, ilimwagika ikiingia mchanga. Flaiwili ilibidi ipelekwe kwa wachonga vyuma ilainishwe pale ilipoungua, 1,500. Ongeza 4,000 za kukokotwa na 1,800 za teksi. Jumla ni shilingi 24,200. Ufundi wa mara ya kwanza sidai, maana ningeulipa hata klachi ingekuwa sawa. Klachi mpya niliyonunua kwingine kwa 13,000 pia sidai. Hiyo imo garini na inafanya kazi. (Kwa huyo wa pili nilikwenda na pleti zote mbili kikapuni na rula mkononi. Alicheka, lakini alifungua kasha.)

Jambo jingine ni la rafuni mwenu. Kama pleti ya 200 iliingia kwenye kasha la 212, basi kuna kasha jingine huko juu lenye pleti yangu, linalomsubiri mwenye gari dogo. Yeye haitamwingia kwenye presha yake, au itaingia kwa kulazimishwa. Au pengine kasha lilifunguliwa na mtu akarudisha asichokitaka. Stika ya pembeni ilikuwa imebandikwa juu ya nyingine, jambo nililoliona baada ya mambo kuharibika. Panda ile ngazi wewe mwenyewe, Bwana Meneja, ukapime.

Nasubiri jibu la maandishi mpaka Jumatatu tarehe 23 Juni. Baada ya hapo nitapeleka shauri katika Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani. Inapokea madai ya hadi shilingi milioni moja, inatakiwa kuamua ndani ya siku sitini, na naweza kusimama mwenyewe bila wakili. Nimeshapiga picha za presha na ule ukanda wake, rula ikiwa juu, na fundi amekubali kuja kusema alichokiona.

Nimeambatisha nakala ya risiti yenu, ujumbe wa M-Pesa, risiti ya aliyenikokota na ya wachonga vyuma. Vyuma vyenyewe viko kwangu kwenye kikapu kile kile. Sitavileta tena kaunta mpaka niambiwe upo.

Wako,

Mwenye Corolla 110 ya kijivu

Tanbihi: Beringi yenu haina kosa lolote. Imo kwenye kasha, haijaguswa na moto, mnaweza kuiuza.