Ubaridi wa Arusha hautoshi kupoza kompyuta ndogo yenye nguvu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumze na wakazi wa Arusha na Moshi wanaounda, au kuundiwa na mafundi, kompyuta ndogo zenye nguvu. Nazungumzia zile za kisanduku cha lita 10 hadi 15, zenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya sentimita 17 kwa 17 na kadi ya michoro ya kuhariri video au kuchora majengo. Madukani mteja huambiwa, "Hapa kwetu baridi, feni moja inatosha." Kauli hiyo ina kosa, na kosa hilo linawagharimu watu fedha na utulivu.

Feni haipozi kwa ubaridi peke yake, inategemea pia uzito wa hewa inayoipitisha. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Joto la chumba likiwa sawa, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu asilimia 15. Feni husukuma ujazo uleule, ila hewa iliyomo ni kidogo, na hewa kidogo hubeba joto kidogo. Chukua mashine inayotoa wati 400 za joto, feni zake zikipitisha mita za ujazo 100 kwa saa: pwani hewa itatoka imepanda nyuzi 12, Arusha itatoka imepanda nyuzi 14. Hitisinki, yaani chuma kinachonyonya joto la prosesa (ubongo wa kompyuta), nayo hupata hasara ya namna hiyohiyo, kwa hiyo prosesa ambayo Dar ingekaa nyuzi 50 juu ya joto la chumba, huku inaweza kukaribia 57. Sehemu kubwa ya ubaridi tunaojivunia imeshaliwa hapo. Moshi, kati ya mita 800 na 900, hewa inapungua kama asilimia 10, na mwezi Februari ndani ya chumba cha bati lisilo na dari hakuna ubaridi wa kufidia chochote.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kupunguza joto lenyewe kabla ya kununua feni yoyote. Prosesa ya kampuni ya AMD ya daraja la wati 105 huruhusiwa kula hadi wati 142. Ukiingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mazabodi, ukachagua Eco Mode (hali ya kubana umeme) ya wati 65, kikomo kinashuka hadi wati 88. Katika kazi za kawaida tofauti haionekani, ila video ndefu itachelewa kidogo kukamilika. Kadi ya michoro ya wati 220 ukiibana kwa programu hadi asilimia 80 inabaki na wati 176, na kasi inayopotea mara nyingi haifiki asilimia 10. Hapo karibu wati 100 zimeondoka bila kutoa shilingi. Ndani ya lita 12, sijui feni ya kununua inayoweza kuleta nafuu kama hiyo.

Kisha njia ya hewa. Kisanduku kidogo hakina hewa ya akiba, kwa hiyo hewa moto ikikosa pa kutokea hurudi na kuvutwa tena na feni ileile. Feni za juu zitoe nje, na kadi ya michoro ivute moja kwa moja kutoka ubavuni penye matundu. Angalia sana nafasi kati ya feni na ubavu huo. Ikiwa chini ya milimita 5, hewa inapasuka kwenye matundu na feni inatoa mluzi ambao hakuna mpangilio wa BIOS utakaouondoa. Sogeza feni au tumia iliyo nyembamba, yenye unene wa milimita 15. Ikiwa nafasi ni kama sentimita moja au moja na nusu, zungushia ukingo wa feni ya prosesa utepe wa sponji hadi uguse ubavu, ili ivute hewa ya nje tupu. Sponji ni rahisi kupatikana, na hushusha nyuzi kadhaa.

Kuhusu kelele, wengi hudhani feni chache ndizo zenye utulivu. Ni kinyume chake. Feni ikishuka kutoka mizunguko 1,800 hadi 900 kwa dakika, hewa inapungua nusu lakini kelele inapungua kama desibeli 15. Ukifunga mbili za mizunguko 900, kelele inaongezeka desibeli 3 tu, na hewa inakaribia ile ya feni moja iliyokuwa ikipiga kelele. Sikio nalo huchoshwa zaidi na feni inayopanda na kushuka kila dakika kuliko inayovuma sawasawa. Joto la prosesa huruka nyuzi 15 kwa kufungua faili tu, feni ikifuata kila mruko utasikia pumzi za mbio mchana kutwa. Weka kasi moja isiyobadilika hadi nyuzi 65, na ucheleweshaji wa sekunde 3 hadi 5 kabla feni haijaitikia. Ukisikia mlio mwembamba kama wa nzi wakati kadi inafanya kazi nzito, hizo ni koili zake, na feni hazihusiki. Kupunguza wati au fremu (picha zinazochorwa) kwa sekunde husaidia.

Kabla ya kufunga, hakikisha plastiki ya kinga chini ya hitisinki imebanduliwa. Inasahaulika mno, na prosesa hufika kikomo cha joto ndani ya sekunde chache. Diski ya M.2 (ile nyembamba inayochomekwa kwenye mazabodi) iliyo mgongoni mwa mazabodi iwekewe pedi ya kupitisha joto hadi kwenye bati la kisanduku.

Vumbi letu la kiangazi ni laini kama unga wa ngano. Feni zinazoingiza hewa ziwe na nguvu kuliko zinazotoa, ili hewa ipite kwenye chujio na si kwenye nyufa, na chujio lioshwe kila wiki mbili kuanzia Agosti hadi mvua zinyeshe. Usiifungie mashine ndani ya kabati la meza. Iache sentimita 10 kutoka ukutani.

Ombi langu kwa mafundi na wauzaji: msimkabidhi mteja mashine iliyojaribiwa ikiwa wazi. Ifungwe kabisa, prosesa na kadi zipewe kazi nzito pamoja kwa dakika 30 huku programu ya HWiNFO ikisoma joto, kisha joto la chumba, la prosesa na la kadi viandikwe nyuma ya risiti. Prosesa isizidi nyuzi 85, kadi isizidi 80. Halafu fungua ubavu mashine ikiwa bado kazini: joto likishuka nyuzi 3 au 4, njia ya hewa ni nzuri; likishuka zaidi ya 10, mashine inakabwa, na inapaswa kurudi mezani kwa fundi kabla haijaondoka dukani.

Fundi wa kompyuta,
Sakina, Arusha