Shukrani kwa mzee aliyenifundisha kwa chaki

Ninaandika kumshukuru hadharani mzee mmoja, rubani mstaafu, ambaye aliniomba nisimtaje jina. Baada ya kupata leseni ya rubani binafsi, nilianza mafunzo ya kuruka kwa kutegemea vyombo vya ndani ya ndege pekee, bila kutazama nje, katika Uwanja wa Wilson, Nairobi, na kati ya saa 40 za vyombo zinazotakiwa nilikuwa nimemaliza 26 bila kuumudu mzunguko wa kusubiri, yaani ile njia ndege inayoizunguka angani ikingoja ruhusa ya kuendelea. Kila nilipovaa ile kofia inayozuia kuona nje, niliikodolea dira macho, na kimo kikaniponyoka.

Mzee huyo alinisikia nikilalamika mkahawani. Alichora mzunguko mzima kwa chaki kwenye sakafu ya banda la ndege, akanipa saa yake ya mkononi, kisha akanitembeza juu ya mchoro: kupinda kulia, dakika 1 ya kwenda nje, kupinda tena, kurudi. Kila baada ya hatua chache alinitaka nitaje kimo na mwendokasi, na nilipokawia alinirudisha mwanzo. Alifanya hivyo Jumamosi nne mfululizo, bila kupokea hata bei ya chai (chai yenyewe alilipa yeye).

Wiki iliyopita mtahini alinipitisha. Marubani wazoefu mnaopita mkahawani hapo, tafadhali wasikilizeni wanafunzi wa meza ya jirani.