Sura zinazama mwaloni, si mtamboni

Mhariri,

Picha za wauza dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, mara nyingi hutoka gazetini maji yakimeremeta na sura za watu zikiwa giza tupu. Lawama hubebeshwa mtambo wa kuchapia. Mtambo una yake, lakini sura hizo huwa zimeshazama kabla hazijafika huko.

Jua la saa kumi na moja jioni huwa upande wa ziwa. Kamera haijui mtu wala maji. Hukadiria kwamba kila kilicho mbele yake kina mwanga wa wastani. Ikikuta maji yanang'aa hupunguza mwanga wote, na mama mwenye ndoo kichwani anageuka kivuli. Ongeza mwanga stopu moja hadi moja na nusu (kila stopu ni mwanga maradufu) juu ya inavyotaka kamera, au pima mwanga wa shavu lake peke yake. Maji ya nyuma yataungua kidogo. Yaungue tu, habari ni mama.

Saa sita mchana shida ni nyingine: jua liko utosini, macho yanaingia shimoni, kofia ndiyo inamaliza kabisa. Hapo flashi inafaa, ingawa wengi huona aibu kuiwasha mchana. Ipunguze nguvu stopu moja na kasi ya shata, pazia la kamera linalofunguka na kufunga, isizidi 1/200 ya sekunde, maana kamera nyingi zikipita hapo huacha utepe mweusi kwenye picha. Asiye na flashi amsogelee anayegeuza dagaa. Dagaa weupe walioanikwa chini hurudisha mwanga juu hadi kidevuni, taa ya bure.

Sasa dawati la picha gazetini. Karatasi ya gazeti hunywa wino, wino husambaa, na penye giza panazidi kuwa giza. Kwa hiyo sura lazima iende mtamboni ikiwa nyeupe kidogo kuliko inavyopendeza kwenye kompyuta. Ila picha iliyopigwa gizani ukiivuta kwa nguvu inajaa chenga, shavu linafanana na mchanga.

Na kioo cha nyuma ya kamera, kinachoonyesha picha, kisiaminiwe juani. Mtu huongeza mng'ao wake ili aone, kisha anadhani picha ina mwanga wa kutosha. Ingia kivulini, kuza uso hadi uone jicho, tazama na grafu ya mwanga. Kama imelundikana kushoto, yaani upande wa giza, rudia mama akiwa bado yupo.

Wapigapicha za habari,
Mwanza