Barua ya wazi kwa mpwa wangu, kabla sijazipiga njumu buti zako za jukwaani

Mpwa wangu,

Salamu zimefika, na picha za buti ulizookota mtumbani nimeziona. Unataka nizipige njumu zote, yaani misumari ya soli, ili wanajeshi wa mchezo wako wa mapigano ya Tanga wasikike hadi viti vya nyuma. Kazi hiyo naiweza. Nakujibu hadharani kwa sababu hauko peke yako: kila mchezo wa vita ninaoutazama, yeyote mwenye bunduki amevishwa buti la misumari.

Tuanze na wanaostahili. Novemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, walioteremka Tanga kuwashambulia Wajerumani ni Waingereza wa kikosi cha North Lancashire pamoja na vikosi kutoka India. Buti la Mwingereza wa enzi zile lilikuwa na soli ya ngozi, na ngozi, nakwambia kama fundi, ikilowa inateleza, na changarawe inaila upesi. Ndiyo maana walipigilia misumari mifupi yenye vichwa vinene, safu kwa safu, wakaweka kibati cha chuma puani, na kisigino wakakizungushia chuma kama kwato. Kwenye udongo na majani inang'ata vizuri.

Balaa ni sakafu ngumu. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa kale, anasimulia habari za Julianus, akida wa jeshi la Kirumi, mwaka 70 huko Yerusalemu. Alikuwa akiwafukuza maadui peke yake, nao wanatawanyika. Viatu vyake vya misumari vikateleza kwenye mawe ya Hekalu, akaanguka chali kwa kishindo. Waliokuwa wakimkimbia wakageuka, wakamzingira, wakamuua. Na jukwaa la shule yenu ni la vigae!

Halafu lile onyesho la Waingereza kumnyatia mlinzi usiku. Na njumu? Lifute. Katika Vita vya Pili vya Dunia makomando wao walivalishwa soli za mpira kwa sababu hiyo hiyo ya kelele.

Askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza lenye askari Waafrika) nao waondoe kabisa. Tanga hawakupigana siku zile, na katika Vita vya Kwanza wengi wao walitembea peku au na makubazi, wakiwa wameviringa vitambaa kwenye miundi. Askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wavishe buti za kawaida. Ukiuendeleza mchezo hadi 1917, hata hizo zipunguze: bidhaa za Ulaya zilikuwa zimekatika, viatu vikashonwa huku huku kwa ngozi zilizosindikwa kwa magome ya mikoko. Hapo mweke fundi viatu mmoja. Nitakuja kuigiza mwenyewe, bure.

Kwa hiyo nitazipiga njumu jozi za Waingereza tu. Zile mbili zenye soli nyembamba za mpira wape Wajerumani, msumari hautashika. Nitumie vipimo vya miguu ya vijana wako, na mwombe mwalimu mkuu zulia la jukwaani mapema.

Mjomba wako, fundi