Chini ya Kigoma hakuna bahari ya moto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nieleze jambo linalonisumbua tangu nilipokuwa nikifundisha jiografia hapa Kigoma. Kila ardhi inapotikisika, hata kama ni mtikisiko mdogo wa kugonganisha vikombe kabatini, huanza maneno sokoni na vijiweni kwamba chini yetu kuna bahari ya moto, kwamba Ziwa Tanganyika limekalia volkano na kwamba iko siku litachemka. Maneno hayo si ya kweli, na ubaya wake ni kwamba yanamfanya mtu auogope moto usiokuwepo huku akilala chini ya ukuta ambao haukufungwa lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha.

Ganda la dunia, yaani mwamba huu tunaojengea na kulimia juu yake, lina unene wa kilomita 30 hadi 40 katika sehemu nyingi za mabara, na kama kilomita 7 tu chini ya bahari kuu. Chini ya ganda kuna tabaka nene linaloshuka hadi kina cha karibu kilomita 2,900, nalo pia ni mwamba mgumu. Joto lake ni kali mno, lakini uzito wa miamba iliyo juu yake unaubana mwamba huo usiyeyuke. Kwa mamilioni ya miaka husogea polepole, kama lami ambayo ukiipiga nyundo huvunjika, ila ukiiacha mahali kwa muda mrefu hutambaa yenyewe taratibu. Kimiminika halisi kinapatikana chini zaidi, katika kiini cha nje cha dunia, na hicho ni chuma iliyoyeyuka ambayo haihusiani na lava ya volkano.

Msomaji atauliza tumeyajuaje hayo ilhali hakuna aliyefika huko. Shahidi wetu ni matetemeko yenyewe. Tetemeko hutoa mawimbi yanayopenya ndani ya dunia, na aina mojawapo, ile inayoutikisa mwamba kwa upande, haiwezi kabisa kupita katika kimiminika. Vituo vya kupimia hupokea mawimbi hayo yakiwa yamepita ndani ya lile tabaka nene, jambo lisilowezekana kama kungekuwa na bahari ya moto. Kwa njia hiyo hiyo mtaalamu wa matetemeko Andrija Mohorovičić aligundua mwaka 1909 mahali ganda la dunia linapoishia, na mwenzake wa fani hiyo, Inge Lehmann, akaonyesha mwaka 1936 kwamba ndani ya kiini cha kimiminika kuna kiini kingine kigumu. Tetemeko ambalo watu hulitaja kuwa ushahidi wa moto ndilo hasa linalokanusha moto huo.

Sasa mbona Kigoma hutikisika mara kwa mara, na Tabora ni nadra? Jibu liko njiani, kwa anayesafiri kwa Reli ya Kati akiwa anatazama nje. Mawe makubwa ya Unyamwezi, huko Tabora, ni itale. Ukivunja kipande chake utaona chembe zinazong'aa kama kioo, ambazo ni kwatzi, nyingine nyeupe au za rangi ya waridi, ambazo ni feldispa, na vipande vyembamba vyeusi vya mika. Chembe kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho ni dalili kwamba mwamba ulipoa polepole sana, kilomita nyingi chini ya ardhi. Umri wa miamba hiyo unazidi miaka bilioni 2.5, na iko juu leo kwa sababu mvua na hewa vimekula kila kilichoifunika. Mvua hubeba hewa ya ukaa na kuwa asidi hafifu, asidi hiyo huigeuza feldispa kuwa udongo wa mfinyanzi, kwatzi hubaki mchanga, na oksijeni huipa kutu chuma iliyomo hadi ardhi ikawa nyekundu. Hivyo shamba la mkulima wa Tabora ni kazi ya pamoja ya mwamba na angahewa.

Kipande hicho cha kale cha ganda la dunia, kilichobeba Tabora, ni kinene na kigumu kiasi kwamba Bonde la Ufa halikukipasua, bali lilikizunguka, mkono mmoja ukapita mashariki na mwingine magharibi, na sisi wa Kigoma tuko kwenye mkono wa magharibi. Hapa ganda linavutwa pande mbili kwa milimita chache kwa mwaka, na sehemu ya katikati imekuwa ikididimia kwa mamilioni ya miaka. Ndiyo maana ziwa letu lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani baada ya Baikal. Uso wake uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya usawa huo. Kingo za ufa hung'ang'aniana kwa miaka mingi, kisha huachana ghafla, na huko kuachana ndiko tetemeko. Lile la tarehe 5 Desemba 2005, lenye ukubwa wa 6.8, lilianzia chini ya ziwa hili hili. Lile la Rukwa la mwaka 1910 lilikuwa kubwa zaidi, nalo halikutokana na volkano.

Volkano zipo katika ufa huu, sikatai. Nyiragongo, karibu na mji wa Goma nchini Kongo, ililipuka Mei 2021, na Rungwe iko kule Mbeya. Lakini huko mwamba wa chini umepanda, mgandamizo ukapungua na sehemu yake ndogo ikayeyuka. Goma iko zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa.

Kinachoua katika tetemeko ni nyumba. Ukuta wa tofali uliounganishwa kwa udongo mtupu, bila nondo wala mkanda wa zege juu ya madirisha, hufunguka kwenye kona na paa likashuka. Nyumba iliyojengwa juu ya mchanga laini wa ufukweni hutikiswa zaidi kuliko iliyokaa juu ya mwamba. Fundi yeyote wa Mwanga au Ujiji anajua kufunga lenta. Anachokosa ni mwenye nyumba aliye tayari kulipia.

Naliomba gazeti lako, Mhariri, kila linaporipoti tetemeko, litaje lilianzia wapi, katika kina gani na nyumba za namna gani zilianguka, na limuulize mtaalamu wa jiolojia kabla ya kuandika neno volkano.

Mwalimu mstaafu wa jiografia,
Ujiji, Kigoma