Fisi maji wa shule ya mwanangu kaota majani

Mhariri, salamu kutoka Somerset huku Uingereza. Nimefuatilia mjadala wenu wa miti ya kampeni, ile wanafunzi wanapanda, mgeni rasmi anapigwa picha, wiki mbili mti umekauka. Ngoja niwape ya huku.

Februari shuleni kwa mwanangu watoto walipewa fito za mwerebi (ndio, mierebi, jina lile mnalolikuta kwenye Biblia, huku ni zao kabisa, wanalima kwa ajili ya vikapu) wakazipeleka kwenye kijia cha shule cha kutazamia wanyama na ndege, wakazichomeka chini kama sentimita 30 hivi, wakazisuka wee mpaka akatokea fisi maji mkubwa (yule mnyama wa mtoni mla samaki), watoto wanne wanaingia tumboni. Fito hazina mzizi wala jani! Mie nikajua tunachezewa. Kumbe mwerebi ni kama muhogo, chomeka kijiti tu kinashika, ila iwe wakati wa baridi mti umelala. Mei fisi maji kaota majani mgongo mzima.

Kando ya barabara kuu ya M5 karibu na Bridgwater ilijengwa sanamu ya mtu wa mwerebi mwaka 2000, mita 12 kwenda juu, lakini yule alikuwa fito kavu juu ya chuma, 2001 akachomwa moto ikabidi ajengwe upya. Huyu wetu anaishi, na ndio kazi yake ilipo. Kiangazi cha kwanza anataka maji na kung'olewa nyasi miguuni, sasa shule ikafunga wiki sita hakuna aliyepangwa kumwagilia, mguu mmoja wa nyuma ukafa. Septemba watoto wakamkuta kilema, wakamwendea mwalimu mkuu wenyewe, baridi ilipoingia wakachomeka fito mpya. Na kila mwaka lazima machipukizi yakatwe, mengine yasukwe mwilini, la sivyo anageuka kichaka.

Siwaambii muagize mwerebi, unapenda maji mno na mizizi inafuata mabomba. Gilirisidia, ule mti wa ua na malisho, ipo, kata tawi uchomeke mvua zikianza. Minyaa iacheni, najua ndio ua wetu tangu enzi za babu, ila utomvu wake jichoni mwa mtoto ni balaa. Sukeni kobe, sukeni tembo, lakini kabla ya kumwalika mgeni rasmi bandikeni kwanza ukutani majina ya watakaomwagilia likizo.

Mama wa wawili,
Somerset