Usajili wa FDA ni bure, sasa sisi tunatoza nini?

Kazi yetu ni kuwasaidia wenye viwanda kupeleka chakula Marekani. Juzi mteja wetu wa pilipili za chupa alitutumia picha ya skrini. Ni ukurasa wa FDA wenyewe, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, umeandika wazi kwamba kusajili kiwanda cha chakula hakulipiwi. Chini yake akaandika: "Kumbe mnatupiga?" Si wa kwanza, na wengine huja na matusi kabisa. Basi tunajibu hapa mara moja, atakayeuliza tena tumtumie linki.

Ni kweli, usajili ni bure. Ukiwa na intaneti, namba ya DUNS ya kiwanda chako (namba ya utambulisho wa biashara) na mtu anayeishi Marekani aliyekubali kuwa wakala wako, unajaza mwenyewe na namba unapata. Namba hiyo hatujawahi kuitoza. Angalia tena ankara yako, mstari wa usajili una sifuri.

Ila namba hiyo si kibali. Inawaambia FDA kiwanda kiko wapi na nani apigiwe simu, basi. Haisemi chakula chako ni salama, wala haimzuii mtu wa bandarini kushika mzigo. Ndiyo maana tunacheka kwa uchungu tukiingia ofisi ya mtu na kukuta ukutani "cheti cha FDA" kwenye fremu, kina muhuri wa dhahabu na ndege tai. FDA haitoi cheti cha usajili kwa kiwanda chochote. Hicho umeuziwa na kishoka kwa mamia ya dola, na anayelaumiwa kwa bei kubwa ni sisi!

Tuje kwenye chupa, maana hapo ndipo pesa nyingi zinapopotelea.

Pilipili, karoti, kitunguu na kitunguu saumu vyenyewe havina asidi ya kutosha. Ukivitia siki na kuvifunga kwenye chupa, Wamarekani wanaviweka kwenye kundi la vyakula vilivyoongezwa asidi, na kundi hilo lina sheria zake. Kiwanda kinahitaji namba ya FCE, ya viwanda vya vyakula vya kundi hilo, juu ya ile ya usajili. Kila bidhaa inaandikishwa mchakato wake na kupewa namba yake, SID. Mchakato lazima uwe umepangwa na mtaalamu mwenye sifa, na msimamizi wa uzalishaji awe amepita mafunzo yanayotambuliwa na FDA. Sababu yake ni bakteria wa botulizimu, ambaye hustawi pasipo hewa pH ikizidi 4.6 (pH ni kipimo cha asidi, ikipanda asidi imepungua). Sumu yake inaua, na chupa inaweza isioneshe dalili yoyote.

Mteja mmoja alituapia kwamba achari yake ina pH 3.4, amepima mwenyewe. Tukafungua chupa mbele yake, tukamwaga siki yote kwenye chujio, tukazisaga pilipili nzima na vipande vya karoti kwenye blenda mpaka vikawa rojo. Kipimo tulishakirekebisha kwa vimiminika vyenye pH inayojulikana, 4 na 7. Siki ikasoma 3.4 kama alivyosema. Rojo ikasoma 4.9. Ngozi ya pilipili nzima ni ngumu, siki ilikuwa imeizunguka tu bila kupenya ndani. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kama hatuwezi kupeleka ile namba ya siki. Hatuwezi. Zile pilipili zilibidi zitobolewe moja moja, siki iongezwe, chupa zijazwe za moto na kupimwa upya kwa siku kadhaa. Kazi hiyo ndiyo iko kwenye ankara.

Sasa njia ya mkato. Kuna kishoka anayewaambia watu: "Hiyo FCE ya nini? Andika tu viungo vikavu." Mwenye sosi mmoja alimsikiliza. Taarifa ya awali, ile ambayo lazima FDA waipate kabla mzigo haujafika, angalau saa 8 kwa meli na saa 4 kwa ndege, ikasema viungo vikavu. Lebo ikasema sosi ya pilipili yenye siki. Mzigo ukashikwa, ukakataliwa. Mzigo uliokataliwa una siku 90, urudishwe au uteketezwe, na stoo inahesabu kila siku. Alirudi kwetu akalipa kazi yote ile ile aliyoikwepa, baada ya kuwa ameshalipia meli, stoo na uteketezaji. Rahisi ghali, lakini hakutaka kusikia hilo siku hiyo na sisi hatukumwambia.

Ya pili ni wakala wa bei ya undugu. Binamu yuko Houston, amekubali, mambo yameisha. Binamu huyo huyo alipopata barua pepe ya FDA ya kupanga ukaguzi wa kiwanda akadhani ni matapeli, akaifuta. Kiwanda kinachoonekana kukataa ukaguzi, bidhaa zake zinaweza kuzuiwa kuingia. Binamu si mbaya, ila awe mtu wa kufungua barua.

Lebo hatutasema mengi. Nembo ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, ni ya hapa, kule haimsaidii mtu. Korosho lazima itajwe kwa jina kama kiziomwilisho, yaani kinachowadhuru wenye mzio, na tangu 1 Januari 2023 ufuta nao umo. Kuna muuza kashata aliyekuwa ameshachapa stika za mwaka mzima bila ufuta. Tungeziona kabla, kuzisoma ni kazi ya asubuhi moja.

Wengine wanasema mafaili tunayowaandalia ni makaratasi tu. Sheria ya Marekani ya usalama wa chakula ya 2011, FSMA, imemtwika mnunuzi wa Marekani jukumu la kuthibitisha kwamba msambazaji wake wa nje anadhibiti hatari. Akikuomba mpango wako wa usalama wa chakula, anajilinda yeye, na usipokuwa nao anahamia kwa mwingine mwenye nao. Tena tunakuja kiwandani kuuandika. Tuliwahi kukuta mpango ulionakiliwa kutoka kwa mtu wa maziwa, mwenye kiwanda anabangua korosho.

Halafu usajili unahuishwa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, kuanzia 1 Oktoba hadi 31 Desemba. Ukipitisha, namba inafutwa na mzigo wa Januari unakwama. Kuhuisha nako ni bure, fanya mwenyewe.

Wa pilipili na achari, leteni chupa tatu zilizotengenezwa siku moja ambazo hazijafunguliwa, na mlete kabla hamjachapa lebo. Bei tutawaambia baada ya kuzisaga.